Tairi Mpya za Nyumba ya Sifuna

Benchi la Wangeci lilikuwa nyuma ya kituo cha petroli kwenye barabara ya Ngong, pale ukuta wa kituo unapokutana na michongoma ya nyumba za halmashauri za Woodley. Ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, jiko la makaa, na birika lililokuwa jeusi kuliko kilichokuwa ndani yake. Kahawa ilitoka shambani kwa baba yake Wangeci, upande wa Wangige. Ilikuwa ile ambayo chama cha wakulima kiliitazama kikasema haifai, na Wangeci aliikaanga, akaitwanga, akaichemsha, akawauzia watu waliokwisha kuzoea kuambiwa hivyo hivyo. Hawakuja kwa ajili ya kahawa. Walikuja kwa sababu hapakuwa na mahali pengine Nairobi ambapo mtu angeweza kusema kutwa nzima bila kuulizwa amejuaje. Jumamosi hiyo ya Agosti, mwaka 1974, walikuwa na jambo kubwa mbele yao, na lilikuwa kubwa kweli: karavani nyeupe, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya magurudumu mawili, upande mmoja umeinuliwa kwa mawe, upande wa pili umelala kwenye rimu.

Mwenye karavani, Sifuna, aliketi mwisho wa ubao. Miguuni pake palikuwa na tairi mbili mpya, bado zimezungushiwa karatasi ya dukani. Alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya serikali mjini, na kijiwe kilimwita Ramani. Alasiri hiyo rafiki yake Shem angekuja na Landrova aivute karavani mpaka Kimilili, na kufikia hapo ilitakiwa iwe imesimama juu ya tairi zake, zimejazwa upepo wa kutosha. Ni huo wa kutosha ndio uliokuwa umewashinda tangu Alhamisi.

Karavani haikuwa imenunuliwa. Mzungu aliyekaa katika nyumba ya Sifuna kabla yake aliiacha uani alipoondoka nchini, na kwa miaka kumi kuku wa Naliaka, mke wa Sifuna, walitaga chini yake. Hakuna aliyeifikiria mpaka mwaka uliopita, kwenye matanga huko Kimilili. Pale, mbele ya ukoo mzima, ndugu mdogo wa Sifuna aliuliza kwa sauti ya upole kabisa: mwakani kijana wako akiingia jandoni, atasimama mbele ya nyumba ya nani? Kwa Wabukusu kijana hurudi kutoka mtoni alfajiri, amepakwa matope, akasimama uani kwao bila kupepesa macho mpaka kisu kimalize kazi. Ua wa baba yake. Mbele ya nyumba ya baba yake. Sifuna alikuwa na miaka kumi na minne Nairobi, suti mbili, na uanachama wa maktaba. Nyumba Kimilili hakuwa nayo. Ndugu yake mdogo, anayeuza mahindi, alikuwa na ya mabati yenye vyumba vinne.

Ndipo Sifuna alipoitazama karavani kwa jicho jipya. Ina mlango. Ina madirisha, tena ya kioo. Ina paa lisilovuja. Kinachoifanya isiwe nyumba, alijiambia, ni mahali ilipo tu.

– Kwanza tukubaliane, ile ya juzi haikuwa makosa yangu, akasema Joash.

Joash alikuwa karani wa stoo ya vipuri kule Eneo la Viwanda. Hakuwahi kufungua injini, lakini alijua majina ya kila kilichomo ndani yake, na kwa hiyo aliitwa Injinia.

– Nani alisema jaza mpaka iwe jiwe? akauliza Wangeci.

– Mimi. Na si ilikuwa jiwe?

– Ilikuwa. Halafu ikawa bomu. Birika yangu bado iko na alama.

– Tairi ilikuwa na meno yote, mama. Wewe ukiona mtu ako na meno yote, utajuaje ni mgonjwa?

Hapo alisema kweli, bila kukusudia. Tairi za zamani zilikuwa na meno yote kwa sababu hazikuwa zimeenda popote. Zilikuwa zimekaa miaka kumi juani zikikauka, mbavu zimepasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Alhamisi walikuwa wameisukuma karavani watu wanne kutoka uani mpaka kituoni, tairi hizo zikilia, na kila mmoja akisifu jinsi zilivyo mpya. Kisha Injinia akashika mpira wa upepo.

– Mimi nilikuambia, Ramani, akasema Kiragu. Nilikuambia hata kabla hii Injinia ajaribu kutuua.

Kiragu alikuwa na vyumba vya kupangisha upande wa Kangemi, si mbali na Mountain View, na jina lake lilikuwa Mwenye Ploti. Alikuja kijiweni akiwa na koti hata jua likiwaka.

– Uliniambia nini?

– Nilikuambia chukua zile za kubandikwa raba. Zinakaa kama mpya, zinanuka kama mpya, mtu wa polisi akipiga teke zinalia kama mpya. Kwani hii kitu inaenda mara ngapi? Mara moja. Sasa unanunulia kitu ya kwenda mara moja tairi ya kwenda mara hamsini?

– Barabara ni mbaya, akasema Sifuna.

– Barabara ni lami.

– Baada ya lami kuna mawe.

– Baada ya lami kuna kwenu. Utafika, utasimamisha, umemaliza. Tairi itaoza hapo hapo na kuku watataga. Wamezoea.

Watu wakacheka. Sifuna alicheka nao, akainama kutoa karatasi kwenye tairi ya kwanza, ili apate mahali pa kutazama. Kule Grogan, mtaa wa maduka ya vipuri, muuzaji alimwonyesha aina zote: za kubandikwa, za gari dogo zilizo laini mbavuni, na hizi za magari ya mizigo, ambazo mbavu zake ni nene na hazitikisiki gari zito likipinda kona. Muuzaji aliuliza: ni ya kuvutwa mara moja au ya safari za kila mara? Sifuna alijibu bila kufikiri: ya kila mara. Njiani, akiwa amezibeba begani moja moja, ndipo alipojisikia amejibu nini. Akilini alikuwa ameiona Mombasa. Alikuwa amemwona Naliaka, Desemba, ameketi kwenye ngazi ya karavani akimenya embe, na bahari nyuma yake. Hakumwambia mtu. Hata Naliaka hakumwambia.

– Tuache ya kununua, imepita, akasema Mutiso. Sasa tuko kwa kifungu cha upepo.

Mutiso alikuwa tarishi katika benki moja mjini. Alipeleka bahasha kati ya majengo matatu na alisoma kila gazeti lililoachwa kwenye viti vya kungojea. Aliitwa Bunge, kwa sababu maneno yake yalikuwa mengi na hayakuwahi kufika kwenye kura.

Akachuchumaa, akaifuta tairi kwa kiganja, akasoma maandishi ya ubavuni polepole, herufi moja moja.

– Imeandikwa hapa. Uzito wa juu kabisa, hii hapa. Na upepo wa juu kabisa ni pauni thelathini na sita, tairi ikiwa baridi.

– Sasa si mjaze hiyo thelathini na sita mwende nyumbani? akasema Wangeci.

Wanaume walimtazama kwa huruma.

– Mama, akasema Injinia, hiyo imeandikwa Uingereza. Hiyo ni thelathini na sita ya Uingereza. Huko upepo ni baridi tangu inazaliwa. Hapa upepo inatoka kwa mashine ya petroli imekaa kwa jua. Ukiweka thelathini na sita hapa, umeweka arobaini na kitu bila kujua.

– Kwa hivyo wataka kuweka kidogo?

– Nataka kuweka nyingi.

– Si umesema inazidi?

– Ndiyo. Inazidi. Sasa wewe ukiiachia izidi yenyewe, itazidi vile inataka. Lakini ukizidisha wewe mwenyewe mapema, unakuwa umeishika. Tairi ikiwa ngumu haigusi barabara sana. Ikikosa kugusa haipati moto. Ikikosa moto haipasuki. Ile ya juzi ilipasuka kwa nini? Kwa sababu nilisimamishwa katikati.

– Ulisimamishwa na mlipuko, akasema Kiragu.

– Hayo ni maneno yako.

Mutiso aliinua kidole kama anaomba nafasi kwa spika.

– Hoja ya nidhamu. Hapa imesema uzito. Hatuwezi kujua upepo kama hatujui uzito. Ramani, hii nyumba yako ni uzito gani?

– Nyepesi, akasema Sifuna. Ni bati na mbao laini tu.

Alijua anachosema si kweli. Tangu habari ienee kwamba kuna kitu chenye paa kinachokwenda Kimilili, watu wa kwao wote wa Woodley, wa Kibera mpaka wa Kawangware walikuwa wamepita uani kwake na salamu, kisha na mizigo. Ndani mlikuwa na kitanda cha chuma cha Naliaka, magunia mawili ya sukari, cherehani ya Peres wa kanisani, mabenchi mafupi ya shule ya Jumapili, na betri ya lori ambayo hakukumbuka ni ya nani. Kila mmoja alisema chake ni chepesi. Muuzaji wa Grogan alimwambia pia apakie uzito mbele kidogo ya gurudumu, si nyuma, la sivyo mkia utayumba barabarani na kuivuta Landrova. Cherehani ilikuwa mkiani kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuja mwisho.

– Tuipime, akasema Mutiso. Kwa mikono.

Alishika pua ya karavani, ule mkono wa chuma unaofungwa kwenye gari. Kiragu alivua koti, jambo ambalo kijiwe kilikuwa kimeliona mara mbili tu, akashika upande wa pili. Wakainua. Karavani ilipanda kidogo, vyombo vikagongana ndani, kisha ikarudi chini na Mutiso akarudi nayo.

– Ng'ombe wawili, akasema Kiragu, akihema.

– Ng'ombe wa kienyeji ama wa gredi? akauliza Injinia.

– Mmoja mmoja.

– Sasa hiyo ni uzito ya kuandika wapi?

– Mimi nimesema vile mikono yangu imesikia. Kama una ratili ya ng'ombe wawili, lete.

Kiragu alivaa koti, na kwa kuwa sasa alikuwa ndiye aliyepima, aliona amepata haki ya kufundisha.

– Nyinyi mnahangaika na upepo bure. Kule shamba kubwa za Limuru nimeona kwa macho yangu, tairi ya trekta inajazwa maji. Maji. Maji haipandi moto haraka. Maji haijui mambo ya Uingereza. Umewahi kusikia maji imepasuka?

– Na ikitobolewa na msumari?

– Barabara itaoshwa.

– Na uzito? akauliza Sifuna. Ukiweka maji si unaongeza ng'ombe wa tatu?

– Wa tatu atakuwa chini. Ng'ombe akiwa chini haangushi gari.

Injinia alikataa maji kwa sababu hayakuwa yake. Mutiso aliyakataa kwa sababu alikuwa na hoja ya kwake, na ilikuwa imemkaa kifuani tangu Alhamisi.

– Mnasahau nchi, akasema. Nyinyi mnajaza tairi kama barabara ni meza. Ramani, wewe unachora hizo milima, niambie kama nasema uongo. Hapa tuko juu. Limuru ni juu zaidi, upepo wa huko ni mwepesi. Ukibeba upepo mzito wa Nairobi ukapanda nao Limuru, utaanza kusukuma kutoka ndani. Ukishuka Naivasha unatulia. Nakuru, unatulia. Ukianza kupanda Timboroa, hapo ndiyo ajali. Unasukuma kabisa. Kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kupunguza akipanda na kuongeza akishuka.

– Atakuwa wapi huyo mtu? akauliza Wangeci.

– Kwa ngazi ya mlango. Ako na geji mkono mmoja, pampu mkono wa pili.

– Na anajishikilia na nini?

– Hilo ni jambo la kamati.

– Timboroa, na ile baridi, kwa ngazi, gari ikienda, akasema Injinia. Huyo mtu anaitwa nani?

– Nimesema ni la kamati.

Sifuna aliwasikiliza na kusikitika kwamba alikuwa anasikiliza. Kazini alichora mistari ya miinuko, futi kwa futi, kutoka Limuru mpaka Timboroa. Alijua kwamba magari hupita huko kila siku na hakuna mtu kwenye ngazi. Alijua pia kwamba jibu lilikuwa ubavuni mwa tairi, limeandikwa kwa herufi za kuinuka, na kwamba kilichobaki ni kwenda na karavani kwenye mizani ya mahindi na kutoa nusu ya mizigo ya watu. Lakini ukitoa mizigo, lazima uwaambie wenyewe sababu. Na ukianza kutoa sababu juu ya karavani hii, moja huvuta nyingine. Kijiwe kilikuwa kimejadili tairi siku tatu kwa sababu tairi zilijadilika.

– Tufunge kwanza, akasema. Mambo ya upepo tutaona zikiwa kwa gari.

Akachukua jeki, spana ya nati na vyuma vya kituo vya kuvalisha tairi kwenye rimu, akaanza kazi. Walimsaidia kwa maelezo. Mpaka gurudumu la pili linakazwa, Injinia alikuwa amepata wazo kubwa kuliko ya wengine wote, na alisubiri Sifuna ainuke ili wamsikie vizuri.

– Nimepata. Barabara ya Nakuru imeinama kushoto. Yote. Wameitengeneza hivyo mvua iteremke. Sasa uzito yote inaenda upande wa kushoto. Kwa hivyo: kushoto weka arobaini na tano. Kulia weka ishirini na tano. Ukikunja hesabu, ni sawa na hiyo yao ya Uingereza, karibu.

– Si itakuwa inatembea kwa mguu mmoja? akauliza Wangeci.

– Itakuwa imesimama wima kwa barabara iliyoinama. Mtu akinywa, si anaegemea upande mmoja ndio asianguke?

– Ndio, na anaanguka.

– Hii haijakunywa. Na wakati wa kurudi unabadilisha tu. Kulia inakuwa ngumu, kushoto laini.

Kiragu alikuwa anaipeleka kahawa mdomoni. Akaishusha.

– Kurudi nani?

– Nimesema mfano.

– Kurudi nani, Injinia? Hii nyumba si inaenda kukaa?

– Nimesema mfano, bana. Hata meli iko na mfano wa kuzama.

Sifuna alisema mpira wa upepo uletwe. Alisema kwa haraka, na Kiragu alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akanywa kahawa yake.

Wakaleta mpira. Injinia akajaza ya kushoto mpaka geji ikasoma arobaini na tano. Mutiso akasema ni hatari, akapunguza mpaka thelathini. Injinia akaongeza. Kiragu akasema kama ni upepo basi uwe kidogo, tairi ikae kama mto wa kulalia, isiumize vyombo vya watu, akapunguza mpaka mbavu zikabonyea na Wangeci akasema inaonekana kama imekalishwa na msiba. Wakaongeza tena. Geji ilitoka mkono huu kwenda mkono ule, na kila mmoja aliposoma alisoma namba aliyoitaka. Mtu wa kituo alikuja mara ya pili kuuliza ni lini watamwondolea nyumba hiyo mlangoni pake, na aliposikia watu wakibishana kuhusu kilele cha Timboroa alirudi ndani.

Ndipo alipokuja Nanyama.

Alikuwa dada ya baba yake Sifuna, senge yake, na alifika asubuhi hiyo na basi kutoka Kimilili kuja kumchukua kijana na kusafiri naye. Nyumbani Woodley alikunywa chai, akamkagua kijana mikono na macho, akauliza baba yake yuko wapi. Aliambiwa yuko kituoni anashughulikia nyumba. Akavaa viatu akaja kuiona.

– Habari zenu, wazee.

– Nzuri, mama, wakasema, na Kiragu akasogea kumpisha. Hakuketi.

– Senge, akasema Sifuna, akisimama na spana mkononi. Mngekaa mpumzike. Ningekuja mwenyewe.

– Nimekaa tangu jana kwa basi. Wacha nisimame.

Akaizunguka karavani. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia. Akafungua mlango, akatazama kitanda, sukari, mabenchi ya shule ya Jumapili, akaufunga. Akaja kwenye gurudumu la kushoto, akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayepima parachichi sokoni.

– Hizi ni mpya.

– Mpya kabisa, mama, akasema Injinia, akifurahi kupata mtu anayeelewa. Hizi si za gari ndogo. Angalia hii mbavu. Hii hata ukizunguka nayo Kenya yote haichoki. Miaka mitano, sita, bila kushika.

– Ni nzuri, akasema Nanyama. Akajipangusa kidole kwenye leso. Sasa ikifika Kimilili, inarudi?

Injinia alitazama geji. Mutiso, ambaye hakuwahi kukosa kifungu, aliinua kidole kisha akakitumia kujikuna shingo. Wangeci alishika birika lakini hakumimina. Kiragu alimgeukia Sifuna wazi wazi, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa amelizunguka asubuhi yote, na alitaka kuona litajibiwaje.

Sifuna alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi na alilijua. Ilikuwa rahisi kusema hairudi. Angelisema, senge angelichukua, angekwenda nalo Kimilili, na alfajiri ile kijana angesimama mbele ya mlango ule mweupe na hakuna mzee ambaye angethubutu kukohoa. Lakini alikwisha kumjibu muuzaji wa Grogan.

– Magurudumu yanaweza kutolewa, senge, akasema mwishoni. Ni nati tu. Ikifika unayatoa, unaweka mawe chini, inakuwa nyumba.

– Unatoa na nini?

– Na hii.

– Basi toa moja nione.

Spana ilikuwa mkononi. Gurudumu lilikuwa hatua mbili mbele yake, jeusi, linang'aa, kila jino likiwa na kile kinyuzi cha raba cha kiwandani. Barabarani basi la mjini lilipita, likasimama, likaenda.

– Sasa hivi? akauliza Sifuna.

– Hapana. Wacha.

Sauti yake haikuwa na hasira, na hapo ndipo Sifuna alipoona aibu, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hasira.

– Usihangaike, mwanangu. Kijana atasimama kwa ndugu yako. Tulikuwa tumemwambia apige uwanja fagio, kama itahitajika. Uwanja uko tayari. Hii njoo nayo tu, ni nzuri. Mwaka huu watu ni wengi na hatujui tutawalaza wapi. Itawafaa wageni.

– Ndiyo, senge.

– Na wewe pia utapata pa kulala. Utalala humo na wageni wengine.

Akawaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono, hata Wangeci, akarudi Woodley kwa njia ile ile aliyokuja nayo, akikaza leso kiunoni. Walimtazama mpaka akapita michongoma.

Sifuna alikaa mwisho wa ubao. Kiragu alimsogezea kikombe chake mwenyewe, kilichobaki nusu, na Sifuna akakipokea akakishika bila kunywa. Mutiso alikunja karatasi za tairi mara nne, zikawa ndogo, akakosa pa kuziweka.

Ni Injinia aliyerudi kwenye gurudumu. Akachuchumaa, akaweka geji, akasoma, akatikisa kichwa.

– Sasa kama ni watu watalala ndani, akasema, uzito umebadilika. Hapo lazima tuongeze upepo.